Kofia Isiyovuliwa

Bwana Stainforth alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika humchosha mpelelezi kuliko mwongo.

"Nilimwona," alisema, akiigonga meza ya baraza kwa kidole. "Kwa macho yangu haya mawili. Perce Maddern, ndani ya vibanda vya farasi, siku ya Kombe. Amemshika farasi wa Gillespie kichwani kana kwamba uwanja ni wa babake."

"Uliuona uso wake?" akauliza Alban Treloar.

"Uso wa nini? Lile koti la jeshi lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko! Burrumbila nzima inalijua."

"Kwa hiyo uliona koti."

"Koti lenye mtu ndani, Treloar. Makoti hayatembei."

Treloar alitazama chini uwanjani, ambako ng'ombe walikwisha kurudishwa na sasa walikuwa wakila majani pale pale farasi walipomalizia mbio Jumamosi. Siku nyingi za mwaka uwanja wa Burrumbila ulikuwa malisho tu. Watoto walikatiza mle kwenda shule na hakuna aliyemuuliza mtu jina. Lakini bendera ikipandishwa siku ya mbio, sheria iliyashukia majani yale yale, na mtu aliyepita jana akipiga mluzi leo angeshtakiwa kwa hatua moja. Aliyefungiwa na waamuzi haingii, hata alipe mara mbili. Mwanamke huingia kwa tiketi ya mwanachama, hukaa upande wake wa mstari mweupe uliochorwa kwenye sakafu ya jukwaa, na kwenye vibanda vya farasi hatii mguu kabisa. Mtunza farasi hupita kwa utepe wa kijani mkononi. Na Treloar, polisi wa zamani mwenye tumbo la kustaafu na macho ambayo hayakustaafu, aliajiriwa na kamati kusimama lango kuu na kuwatambua waliofungiwa, hata wakija na ndevu za kubandika.

Perce Maddern alikuwa mmoja wao. Alifungiwa miaka kumi kwa kumkimbiza farasi mmoja kwa jina la mwingine, na hakuwahi kukana. Miaka hiyo kumi ilikuwa inaisha mwezi huu. Kama kweli alikanyaga ndani Jumamosi, angefungiwa mpaka kaburini. Tena farasi aliyeguswa na mtu kama huyo huvuliwa ushindi, na mkufunzi wake, akionekana alijua, hunyang'anywa leseni. Mkufunzi wa farasi huyo alikuwa Vern Gillespie, mume wa binti yake Maddern.

"Farasi wako alikuwa wa pili, Bwana Stainforth," Treloar akasema.

"Hilo halihusiani."

"Sijasema linahusiana. Nimesema alikuwa wa pili."

Stainforth alisimama akafunga vifungo vya koti. Uso ulikuwa umemwiva. "Bwana Cotterell, mwamuzi mkuu, anarudi kutoka Sydney mchana huu. Kikao ni saa nane. Na kabla hujamtetea Maddern, jiulize alipita lango la nani."

Hapo alikuwa amemgusa penye kidonda, na wote wawili walijua.

*

Horrie Lusk, bawabu wa vibanda, alikuwa ameketi kwenye kile kile kiti alichokalia Jumamosi, akila pai ya nyama huku mchuzi ukimtiririkia kidevuni. Siku za kawaida alikuwa fundi wa uwanja. Nyundo yake ilikuwa imelala chini, imepumzika kuliko yeye.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kama umekuja kuniuliza kuhusu Maddern, mimi sijamwona Maddern."

"Uliona nini?"

"Utepe. Mimi naangalia mkono. Utepe upo, pita. Utepe haupo, toka. Nikianza na sura za watu, wewe utafanya kazi gani?"

"Mtu wa Gillespie alikuwa na utepe?"

"Alikuwa nao. Mtunza farasi wake, yule Snowy Pratt."

"Snowy Pratt alikuwa hospitalini. Farasi mwenyewe, Merindah, alimpiga teke asubuhi ile akamvunja mguu."

Horrie aliacha kutafuna. Alilitazama lile pai kama vile ndilo lililomdanganya.

"Basi si Snowy," alisema polepole. "Eee. Nami nilijiambia, Snowy leo kavaa koti refu. Kaingia kainamisha kichwa, kofia imeshuka hadi nyusi. Nikasema huyo ana hasira na baridi."

"Alisema neno?"

"Hata 'habari' hakusema. Alikwenda moja kwa moja kwa yule farasi jike. Na yule farasi, unamjua mwenyewe, shetani mwenye kwato. Akatulia tuli."

Treloar alikwenda mpaka kibanda cha Gillespie. Mbao za mlango zilikuwa na alama mpya za mateke, upande wa kushoto zaidi. Alama hizo zilikuwa za asubuhi, Snowy alipoumizwa. Kama farasi yule alitulia baadaye, basi aliyemshika hakuwa mgeni kwake.

"Alikaa naye muda gani?"

"Mpaka Gillespie alipokuja na tandiko. Na nikwambie kitu, Alban, ni fidhuli yule, awe nani awe nani. Gavana alipopanda jukwaani bendi ikapiga wimbo wa taifa. Sisi huku wote wima, kofia mikononi. Hata wale walevi wa nyuma ya hema la bia walivua. Yeye kasimama vizuri tu, kanyooka, mkono mmoja kwenye hatamu, na kofia imo kichwani mpaka bendi inamaliza! Nilitaka kumpigia kelele, ila huwezi kupiga kelele kwenye wimbo."

"Una hakika hakuivua?"

"Niliona aibu kwa niaba yake."

Treloar alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumamosi, bendi ilipoanza, yeye mwenyewe alikuwa lango kuu, kofia kifuani, na mbele yake ng'ambo ya barabara kilikuwepo kile kilima cha watu wasio na kiingilio na wasio na ruhusa. Kila mwaka, wimbo ukipigwa na watu wakitulia, alitumia utulivu huo kumtafuta Maddern pale kilimani ajue yuko wapi. Na Jumamosi alimwona. Mzee alikuwa amesimama karibu na tangi la maji na shati na kizibao tu kwenye upepo ule, kofia ameibana kifuani, amenyooka kama askari aliyewahi kuwa. Treloar alikuwa amejisemea kwamba mjinga huyu atakufa kwa nimonia.

Mtu hawezi kuwa kilimani na kibandani wimbo mmoja ukipigwa. Kwa hiyo Maddern alikuwa safi, na lango la Treloar lilikuwa safi pamoja naye. Ilikuwa habari njema ya kumpelekea Cotterell, na kwa dakika nzima Treloar aliifurahia.

Kisha akaanza kufikiria lile koti. Koti lilikuwa kibandani na mwenye koti yuko kilimani anatetemeka. Aliyelivaa hakuwa Snowy. Hakuwa Vern Gillespie, maana wimbo ulipopigwa Vern alikuwa chumba cha mizani akipimiwa tandiko mbele ya Cotterell mwenyewe. Alikuwa mtu anayejulikana na yule farasi mkorofi. Tena alikuwa mtu aliyesikia wimbo wa taifa, akasimama kwa heshima zote, na mkono wake haukwenda kichwani.

Mwanamume wa nchi hii anaweza kumdhulumu mjane asubuhi na kunywa chai vizuri adhuhuri, lakini wimbo ule ukipigwa kofia yake hushuka yenyewe. Hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Dada yake, aliyesimama kando yake darasa lile lile, hufundishwa kubaki na yake kichwani.

"Horrie," Treloar akasema, "hayo ya kofia umemwambia nani?"

"Hakuna. Nani ataniuliza mimi?"

"Usimwambie mtu kabla ya saa nane."

Moyo wake ulikuwa mzito alipokuwa akitoka, na alitamani asingeuliza swali la mwisho.

*

Zizi la Gillespie lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, likitazamana na nyumba ya mabati ya Maddern. Baina yao palikuwa na barabara na sheria. Mwenye leseni haruhusiwi kusuhubiana na aliyefungiwa, na kwa miaka kumi Vern hakuwahi kumwambia mkwewe hata pole ya mafua. Binti mwenyewe, Nola, ndiye peke yake aliyevuka barabara akaenda na kurudi. Hakuwa na leseni, hakuna mwanamke aliyepewa, na kwa kuwa sheria haikumtambua ilisahau kumkataza.

Vern alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye haya, ambaye hata ushindi wa Kombe aliupokea Jumamosi akitazama viatu vyake.

"Nola yuko nyuma," alisema, kabla hajaulizwa.

Treloar alipokaribia kibanda, Merindah alilaza masikio na kurusha teke lililotikisa ukuta mzima. Nola Gillespie alitoka nyuma ya shingo ya farasi, mikono imejaa pumba, nywele zake nzito za hudhurungi zimefungwa kitambaa. Alimnong'oneza farasi neno. Farasi akashusha kichwa, akakilaza begani kwake.

"Bwana Treloar. Usisimame kushoto, atakuua."

"Wewe hakuui."

"Mimi nilimzalisha mama yake. Nilikesha naye kwenye matope haya haya. Unataka chai?"

"Jumamosi, Nola. Wimbo wa taifa ulipopigwa."

Mkono wake uliokuwa ukimpapasa farasi ulisimama.

"Watu wote waliona koti," Treloar akaendelea. "Stainforth kaliona, amemtambua baba yako humo. Lakini baba yako nilimwona mimi, kilimani, hana koti, kofia kifuani. Na mtu wa kibandani hakuvua kofia."

Nola alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Lo! Kofia. Nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka viatu, nilikumbuka kutembea hovyo hovyo mnavyotembea nyinyi wanaume. Wimbo ukaanza, nikasimama kama nilivyosimama tangu utotoni. Na ningekumbuka ningefanyaje? Nywele hizi zingeshuka mbele ya Horrie Lusk."

"Kwa nini uliingia?"

"Kwani hujui? Snowy kavunjwa mguu. Nani mwingine wa kumshika huyu? Angeumia, au angemuua mtu. Vern alisema tumwondoe mashindanoni. Nikamwambia mwaka mzima nimeamka gizani kwa ajili ya siku hii, mimi ndiye ninayempangia chakula, mimi ndiye ninayempanda alfajiri wakati waheshimiwa wamelala, simwondoi." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Vibanda vile vile, Bwana Treloar. Jumatatu nikipeleka farasi mazoezini, naingia, nafagia, nabeba samadi, na Horrie ananishikia mlango. Jumamosi nageuka kuwa uchafu."

Vern alikuwa amekuja kimya akasimama nyuma yao.

"Ushahidi wangu utamtoa baba yako," Treloar akasema. "Hilo nina hakika nalo. Lakini Cotterell si mtoto. Atauliza, kama si Maddern ni nani? Kombe limekwenda kwa vyovyote vile, aliyemshika farasi hakuwa na ruhusa. Ila angekuwa baba yako, Vern angeweza kusema hakujua. Mtu karuka ua, kajiingilia. Nani ataapa kwamba hakumjua mke wake mwenyewe?"

"Watachukua leseni," Vern akasema.

"Na farasi wote wataondolewa hapa."

Merindah alipumua kwa nguvu begani kwa Nola, na Nola akamtazama mumewe.

"Leseni ina jina langu," Vern alisema, uso umemwiva hadi masikioni. "Kazi ni yako. Mimi sitakwambia la kufanya. Utakaloamua nipo."

"Kikao ni saa ngapi?" Nola akauliza.

"Saa nane. Lakini hujaitwa. Kikao cha waamuzi huhesabiwa kuwa sehemu ya siku ya mbio, na sheria ni zile zile. Asiyeitwa haingii, na mwanamke hapiti mstari."

"Kwa hiyo hata kukiri kosa siruhusiwi?"

Treloar aliwaaga kwa kichwa. Alirudi kwenye gari lake.

*

Maddern alikuwa akimngoja kwenye lango kuu la uwanja, barua ya wito mkononi. Alivaa suti nyeusi ya mazishi iliyokuwa imempwaya. Upepo ulikuwa ule ule wa Jumamosi, na hakuwa na koti.

"Mara ya mwisho kupita hapa," alisema, "wewe ndiye uliyenishika mkono ukanitoa."

"Ulistahili."

"Nilistahili. Sijawahi kusema vingine." Mzee alikunja barua ile mara mbili. "Umekwenda kwa Nola. Nimeliona gari lako."

"Nimekwenda."

"Basi unajua. Sasa sikiliza, Alban, nisikilize kabla hujanipa hotuba. Nitasema nilikuwa mimi. Niliruka ua wa nyuma, utepe niliuokota, Vern hakujua lolote. Wanifungie maisha. Nimekwisha kuzoea kutazama kwa mbali."

"Zimebaki wiki chache uingie kwa mlango, Perce. Na njia ya mwongo ni fupi. Nilikuona kilimani."

"Hukuniona."

"Nilikuona na kofia kifuani!"

"Hukuniona!" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikavunjika. "Koti lile nilimvisha mimi. Alisimama barabarani pale akaniambia anachotaka kufanya, akalia kwa hofu, na mimi baba mtu, badala ya kumwambia mwanangu acha, nililivua nikamwambia vaa. Nilitaka yule farasi ashinde. Nilitaka sana kuliko nilivyomwogopea. Sasa niambie, kosa ni la nani?"

Treloar alitazama chini. Alimwonea huruma mzee huyu, na huruma ilimkera, kwa sababu ilikuwa imechelewa na ilikuwa haina kazi kwenye ripoti.

"Nikikaa kimya nitakuwa nimesema uongo mbele ya waamuzi," alisema. "Sijawahi."

"Mimi nimewahi," Maddern akasema. "Hauumi sana."

*

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofa ya juu ya jukwaa, ng'ambo ya mstari mweupe. Cotterell alikaa katikati, mwembamba, nadhifu, kalamu zake zimepangwa. Stainforth alikaa kando akiwa shahidi. Vern Gillespie alisimama mwisho wa meza akivunja vidole.

Stainforth alieleza vizuri, bila kupunguza kitu. Horrie aliitwa akasema ameona utepe, akaulizwa kama ameona uso, akasema hapana, akaruhusiwa kurudi mlangoni. Hakuulizwa kuhusu kofia, naye hakujitolea.

"Bwana Maddern," Cotterell akasema. "Umesikia. Unajibu nini?"

"Nilikuwa mimi."

Stainforth alishusha pumzi kwa sauti. Maddern aliusimulia uongo wake taratibu, ua wa nyuma, utepe wa kuokota, farasi aliyemjua tangu alipozaliwa. Vern alipoulizwa kama alijua, aliinua kichwa, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Akazidi kuvunja vidole.

"Hakujua," Maddern akamjibia. "Mwangalie alivyo. Huyu hata karata hawezi kudanganya."

Cotterell aliandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Kuna jambo moja linanisumbua. Ua wa nyuma una seng'enge, na Bwana Maddern si kijana. Bwana Treloar, wewe ulikuwa lango kuu siku nzima, na kazi yako ni kujua aliko kila aliyefungiwa. Wimbo wa taifa ulipopigwa, farasi wakiwa vibandani, ulimwona Maddern mahali popote?"

Maddern hakumtazama. Alikuwa akitazama dirisha, na chini ya dirisha ng'ombe walikuwa wakila majani ya uwanja ambao hangeukanyaga tena siku ya mbio.

"Hapana," Treloar akasema. "Sikumwona."

Ilikuwa rahisi kama Maddern alivyoahidi, na ilimtia aibu. Cotterell alimkazia macho kwa muda, kisha akasema kwamba kamati itabidi ifikirie upya habari ya lango kuu na mtu anayelilinda. Alimwambia Maddern kwamba amefungiwa maisha. Ushindi wa Merindah ungefutwa. Leseni ya Gillespie ingebaki, kwa onyo. Aliomba dakika chache aandike uamuzi kabla ya kuutia sahihi.

Treloar alitoka nje kupata hewa.

Nola alikuwa amesimama kwenye sakafu ya jukwaa, viatu vyake vikiwa karibu kabisa na ule mstari. Alivaa gauni la kanisani. Upande wa pili Horrie alikuwa ametanua mikono, jasho likimtoka.

"Mwambie wewe, Alban!" Horrie akasema. "Nimemwambia mama, mstari huu sikuuchora mimi. Haya, niliuchora, lakini niliambiwa!"

"Nimekuja kusema," Nola akamwambia Treloar. "Nimesimama hapa tangu saa nane na huyu ananizuia."

"Wamemaliza, Nola."

"Baba?"

"Amesema alikuwa yeye. Wamemfungia maisha. Leseni ya Vern imebaki."

Treloar alidhani angelia, au angemshukuru. Nola alimtazama tu.

"Na wewe? Wewe ulimwona kilimani. Ulisema nini?"

"Nilisema sikumwona."

"Ulisema hukumwona." Alirudia neno baada ya neno. "Mkakaa humo, wewe na baba na Vern na yule mtu wa kalamu, mkaamua nani abebe kosa langu. Nani aliniuliza? Asiyekuwepo na lake halipo, siyo?"

"Tulitaka kukuokoa."

"Mliniokoa na nini? Nirudi kufagia?" Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa imara. "Farasi ambaye mimi nilimlea kashinda Kombe, na ndani humo hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba mimi nipo. Umemfungia baba yangu maisha, Bwana Treloar, ili watu wasijue kwamba mimi nipo."

Aibu ilimshika Treloar, kubwa kuliko ile ya kusema uongo.

Nola alivuka mstari. Horrie aliruka pembeni kana kwamba ameona nyoka, kisha akakumbuka kazi yake na kupiga kelele, "Alban! Mzuie! Alban, ni kazi yako!"

Ilikuwa kazi yake kweli. Nola alipita mbele yake karibu sana, hata Treloar akasikia harufu ya sabuni na, chini ya sabuni, ya farasi. Treloar aliweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikanisha huko.

Mlango ulifunguka. Sauti ya Cotterell ilisikika ikisema mama, samahani, hapa haingii mtu asiyeitwa, na sauti ya Maddern ikalia, "Nola, hapana!" Kisha sauti ya Nola ikazifunika zote, si kwa ukali, bali kwa utulivu ule aliotumia kumsemesha farasi.

"Chana hiyo uandike upya, bwana. Nola Gillespie. Farasi ni wangu, na nilikuwa ndani."